Waya wa spika ni waya wa taa

Kaka kaniandikia nimtumie dola 100 za waya wa spika, eti fundi kasema ule aliouacha marehemu baba "unaua sauti". Kaka, kabla sijatia mkono mfukoni, soma kwanza.

Hapa Marekani kwa miaka mingi watu waliunganisha spika kwa waya pacha wa taa ya mezani, ule unaochanika katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo Noel Lee, mhandisi na mpiga ngoma wa California, akaanzisha Monster Cable na kuuza waya mnene kama bidhaa ya kujivunia. Wenye maduka wakampenda, maana faida ya waya ni tamu. (Nami nilipofika huku nilibambikiwa. Tuyaache.)

Mwaka 1983 jarida la Stereo Review liliwapima wasikilizaji bila kuwaambia ni waya upi unaopiga. Kwenye muziki walishindwa kutofautisha Monster na waya mnene wa taa. Mwembamba sana tu ndio uliogundulika. Sisi wauguzi hatushangai. Mgonjwa hupewa kidonge kisicho na dawa akasema amepata nafuu, kwa hiyo dawa hupimwa bila mgonjwa kujua kapewa ipi. Mwaka 2007 James Randi aliahidi dola milioni moja kwa atakayethibitisha kwa masikio tu kwamba waya wa Pear Anjou wa dola 7,250 unaushinda wa kawaida. Mabishano yakawa mengi, jaribio halikufanyika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, ina ukinzani wa kama omu 0.23. Kwa spika ya omu 8 hiyo si kitu. Ukitumia waya wa milimita za mraba 0.2 unafika omu 1.7, hapo fundi atakuwa na haki.

Ule wa baba ni mnene, mwenyewe niliona akiukata kwenye taa iliyovunjika. Ila Tanga ina chumvi hewani, lazima ncha zimeota ukijani. Zima redio, kata inchi moja kila upande, menya, sokota, funga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, la sivyo besi itapotea. Kisha niandikie umesikia nini.

Dola 100 nimeshazituma kwa mama, za dawa ya presha.