Mtoto alale saa ngapi? Hesabu huanzia saa ya kuamka

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi na viunga vyake, mabasi ya shule huanza kupiga honi langoni kabla ya jua kuchomoza. Mtoto wa miaka saba huvishwa sare huku macho yakiwa bado mazito, na si ajabu akasinzia tena kitini kabla basi halijafika barabara kuu. Usiku uliotangulia, mtoto huyo huyo alikuwa macho hadi saa tatu, akimsubiri mzazi aliyekwama kwenye msongamano wa magari au akimalizia kazi aliyopewa na mwalimu. Usingizi anaoukosa hurundikana siku baada ya siku kama deni.

Mahitaji ya usingizi hupungua kadiri mtoto anavyokua, ila hupungua polepole kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 2019 unapendekeza saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mtoto asiyezidi miezi mitatu, na saa 12 hadi 16 kwa wa miezi minne hadi 11. Wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu au minne saa 10 hadi 13. Saa hizo zinajumuisha usingizi wa mchana.

Kwa watoto wakubwa, wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka wa 2016 saa tisa hadi 12 kwa wenye umri wa miaka sita hadi 12, na saa nane hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18.

Mtoto mchanga

Mtoto mchanga huamka kila baada ya saa chache kwa sababu tumbo lake ni dogo na anahitaji kunyonya. Aidha, katika wiki za kwanza mwili wake haujatambua tofauti ya usiku na mchana. Mzazi anaweza kumsaidia kwa kumweka penye mwangaza mchana, na usiku kumnyonyesha katika mwanga hafifu bila mazungumzo wala michezo. Alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mito wala blanketi nzito karibu na uso wake, ili kupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Mtoto wa chekechea

Kati ya miaka mitatu na mitano, watoto wengi huacha kulala mchana. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea, kwani huendelea na saa ile ile ya kulala usiku ilhali usingizi wa mchana umeondoka. Inafaa saa ya kulala isogezwe mapema. Ikumbukwe pia kwamba mtoto aliyepungukiwa na usingizi si lazima asinzie. Mara nyingi hurukaruka, hulia kwa jambo dogo na hushindwa kutulia, naye mzazi akadhani ni utundu.

Mwanafunzi

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaelekeza kwamba masomo katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Hata hivyo, kuna watoto wanaoamshwa saa kumi na moja alfajiri ili wasiachwe na basi. Mtoto wa miaka 11 anayeamka saa hiyo anapaswa kuwa amelala kufikia saa mbili usiku ndipo apate saa tisa, ambazo ni kiwango cha chini kabisa. Wa miaka saba anayehitaji saa 10 alale saa moja. Katika nyumba nyingi, saa hizo hata chajio hakijaiva.

Kwa hivyo, mzazi aanze na saa ya kuamka, kisha ahesabu kurudi nyuma. Hesabu ikikataa, mtoto alishwe mapema bila kuwasubiri watu wazima, au wazazi waombe shule ibadilishe mpangilio wa basi.

Kijana

Mtoto anapobaleghe, mwili huanza kutoa homoni ya usingizi, yaani melatonini, ikiwa imechelewa zaidi usiku. Ndiyo maana kijana hukosa lepe la usingizi saa tatu, na alfajiri akaamka kwa taabu. Kumwita mvivu si haki. Kinachomsaidia ni mwanga wa jua asubuhi, na simu kuachwa nje ya chumba cha kulala usiku.

Msaada wa mzazi

Utaratibu usiobadilika ndio nguzo: kuoga, kula, hadithi fupi, kisha kitanda, saa ile ile hata wikendi. Runinga na simu zizimwe angalau saa moja kabla ya kulala. Jioni, mtoto asipewe kahawa, majani ya chai wala soda zenye kafeini. Kwa aila zinazoishi katika chumba kimoja, pazia la kutenga kitanda, taa iliyofifishwa na redio iliyopunguzwa sauti huleta nafuu kubwa. Katika maeneo yenye malaria, kama vile Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano ni jambo la kawaida, na adhabu haisaidii. Lakini mtoto anayekoroma kila usiku, anayekatika pumzi usingizini, au anayeamka mchovu ingawa amelala saa za kutosha, apelekwe kwa daktari. Huenda mafindofindo yaliyovimba yanamzibia njia ya hewa, na tatizo hilo hutibika.