Mnyoo na Panya Buku: Kumbukumbu ya Narung'ombe

Vilipopiganwa vita vya Narung'ombe, tarehe 19 Julai 1917, baina ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani, aliyetaabika kuliko wote ni mpagazi, kwani katika kampeni ile ya Afrika Mashariki maradhi yaliua wapagazi wengi kuliko risasi. Miongoni mwa mahasimu wa siri wa waendao peku ni mnyoo wa safura, apenyaye ngozi ya mguu, akasafiri katika damu hadi mapafuni, kisha akatua utumboni na kumnyonya mwenyeji wake, asimlipe ila unyonge.

Mkabala wake namweka panya buku, ambaye mifuko yake imo mashavuni, ya kuchukulia chakula, wala si tumboni, ya kulelea mtoto, kama ya kangaruu wa Australia. Huko Msumbiji, panya hao, waliofundishwa Morogoro, walinusa mabomu ya ardhini, hata nchi ile ikatangazwa kusalimika nayo mwaka 2015.

Basi umbo si mizani ya athari: mmoja hudhulumu gizani, na mwingine, akilelewa kwa ihsani, huokoa roho za wanadamu.