Kuchuja si Kunasa

Loweka kanga mpya nyekundu kwenye beseni, na kabla hujaitia sabuni maji yatakuwa mekundu. Tunasema kanga inachuja. Maji hayohayo tukitaka kuyasafisha, tunasema tuyachuje. Kitenzi kimoja kinabeba kuchafua na kutakasa, na nimekipenda siku zote kwa ajili hiyo. Ila kwenye habari ya maji ya rangi kinatupotosha.

Kuchuja tunakokujua jikoni ni kazi ya matundu. Tui hupita kwenye kifumbu, machicha yakabaki. Rangi ya nguo iliyoyeyuka haina machicha. Yapitishe maji ya beseni lile kwenye kitambaa cheupe mara tatu: yatatoka mekundu bado, na kitambaa nacho kitakuwa kimeingia wekundu. Kiangalie vizuri kitambaa hicho. Rangi kidogo iliyobaki haikuzuiwa na matundu. Imeshikwa na nyuzi.

Wanakemia hutenganisha mambo mawili: kitu kuingia ndani ya kingine, na kitu kushikwa juu ya uso wa kingine. La kwanza lina majina tele: kufyonza, kunyonya, kusharabu. La pili mara nyingi huazimwa jina la la kwanza, na mwanafunzi akaondoka akidhani maganda ya ndizi yanayotumika kusafisha maji ya rangi yanakunywa rangi hiyo. Mimi naliita kunasa. Wategaji wa ndege wanalijua neno hili. Ulimbo, ule utomvu mzito unaopakwa kijitini, haummezi ndege. Ndege hutua juu yake, akanasa. Hivyo ndivyo makumbi ya nazi, pumba za mpunga na vumbi la mbao vinavyoitendea rangi.

Ukishasema kunasa, unaanza kuuliza habari za uso. Makumbi yakisagwa hayaongezeki uzito, ila mahali pa kutua panaongezeka. Vifuu vikigeuzwa makaa amilifu, gramu moja tu inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500.

Tena kila mtego una ndege wake. Nyuzi za mimea zikiwa majini kwa kawaida huwa na chaji hasi, kwa hiyo bluu ya methilini, yenye chaji chanya, hunaswa upesi. Nyekundu ya Kongo ina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Jina hilo lenyewe lina kisa. Rangi hii aliibuni Paul Böttiger huko Ujerumani mwaka 1883, na kampuni ya AGFA ya Berlin ikaanza kuiuza mwaka 1885, mwaka uleule mkutano wa mataifa ya Ulaya juu ya Kongo ulipomalizika mjini humo. Kongo ilikuwa midomoni mwa watu, na jina likauza bidhaa. Hakuna cha Kongo ndani yake. Imeundwa kwa benzidini, kemikali inayosababisha saratani ya kibofu, na inaniuma kwamba jina la nchi ya watu limebandikwa hapo hadi leo.

Inayoiweza rangi hii vizuri ni mbegu ya mlonge, mti ambao wengine huuita mzunze. Protini zake zina chaji chanya. Unga wa mbegu ukikorogwa majini, protini na rangi hushikamana zikawa mabonge, yakatuama chini kama mashapo. Wanawake wa Sudani wametumia mbegu hizo kutulizia maji ya Mto Nile yenye matope. Hapa hata neno langu halitoshi: huku ni kugandisha, na tukuite hivyo.

Nawaomba walimu wa kemia na akina mama wanaotengeneza batiki walijaribu neno kunasa, maana linakumbusha jambo ambalo kuchuja hulificha: kilichonaswa bado kipo. Makumbi yaliyojaa rangi yakimwagwa mtaroni, maji ya mvua yanaweza kuinasua rangi hiyo na kuipeleka mtoni.