Mashine Iliyoshindwa Kuiga Ngoma

Mwaka jana mjukuu wangu alinijia na shauri lililonizidi kimo. Yeye hutengeneza muziki kwa vyombo vya umeme, na alikuwa amedunduliza fedha za kununua mashine moja ya ngoma. Dukani zilikuwapo mbili. "Babu," akaniambia, "hii ya kwanza ukifumba macho utadhani kuna mtu anapiga. Ya pili haifanani na ngoma yoyote, lakini tangu niisikie haijanitoka kichwani."

Kwa desturi ya walimu wazee nikamjibu upesi: "Chukua inayofanana na kitu cha kweli." Akaniangalia, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinifanya nitafute habari za mashine hizo, na niliyoyakuta yalinirudisha mahali ambapo sikupenda kurudi.

Kumbe shauri lile lina umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iliyoitwa LM-1. Ndani yake zilihifadhiwa sauti za ngoma halisi, zilizonaswa na kutunzwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Ukibonyeza kitufe, unasikia ngoma yenyewe. Kumbukumbu za namna hiyo zilikuwa ghali mno siku zile, hata matoazi makubwa, ambayo mlio wake huchukua muda kufifia, yakaachwa nje. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na zilitengenezwa kama 500 tu.

Mwaka huohuo kampuni ya Roland ya Japani, iliyoanzishwa na Ikutaro Kakehashi mwaka 1972, ilitoa TR-808 kwa dola 1,195. Hii haikuwa na ngoma halisi ndani yake. Kila sauti ilitungwa papo hapo kwa umeme: besi yenye mngurumo mrefu, makofi yasiyo ya mikono, kengele ya ng'ombe ambayo hakuna ng'ombe aliyepata kuivaa. Kakehashi alieleza baadaye kwamba walinunua kwa makusudi transista zenye kasoro, kwa kuwa kasoro hiyo ndiyo iliyotoa mlio waliouhitaji, mlio kama wa mafuta kikaangoni. Viwanda vilipoboresha kazi yake, transista mbovu ziliadimika, na mwaka 1983 TR-808 ikaacha kutengenezwa. Zilikuwa zimetoka kama 12,000.

Wengi waliotaka ngoma za kweli waliiona kuwa kitu cha kuchezea. Hata hivyo, mwaka 1982 Marvin Gaye, akiwa Ubelgiji, aliitumia katika "Sexual Healing", na mwaka huohuo Afrika Bambaataa na wenzake wa New York wakaitumia katika "Planet Rock". Kisha vijana wa Chicago na Detroit, ambao fedha za mashine ya Linn hawakuwa nazo, wakazipata kwa bei ndogo, zikiwa zimekwisha kutumika, TR-808 na ndugu yake TR-909 ya mwaka 1983. Hawakuzidai zifanane na kitu. Walizisikiliza zina nini, wakajengea hapo muziki wa house na tekno. Leo TR-808 ya asili huuzwa kwa maelfu ya dola, na viwanda hutengeneza mashine mpya za kuiga sauti zake. Iliyoshindwa kuiga ndiyo sasa inayoigwa.

Simdhulumu Linn. Prince aliitumia LM-1 katika "When Doves Cry" mwaka 1984, akizishusha na kuzipandisha sauti zake hata ngoma halisi zikawa ngeni masikioni. Kwa hiyo hata chombo cha kuiga kinaweza kupata sauti yake, kikiangukia mkono usioogopa.

Miaka hiyohiyo ya themanini mimi nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, kabla sijakabidhiwa shule. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Tulikuwa na somo la kielelezo, na mwanachuo alipewa alama kadiri alivyolikaribia. Kijana mmoja nilimkuta akifundisha hesabu za sehemu bila kugusa ubao. Aliwapanga watoto makundi manne: hawa wapige kofi zima, hawa nusu, hawa robo, hawa nusu ya robo. Darasa zima lilikuwa likivuma, na nakiri kwamba hapakuwa na mtoto aliyekosea. Nikaandika katika fomu: "Hafuati andalio la somo. Darasa lina kelele." Nikampa alama ya chini kuliko wote. Muhula uliofuata hakurudi chuoni, wala sikuuliza alikokwenda.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba kielelezo kilikuwa chema, na kwa kweli kilikuwa chema. Wengi walifundisha vizuri kwa kukifuata. Kosa langu ni kwamba nilikuwa na kipimo kimoja tu, na kipimo hicho kiliweza kuona jambo moja tu: yule kijana hafanani nasi. Alichokuwa nacho yeye hakikuwa na nafasi katika fomu yangu.

Nilimwita mjukuu wangu, nikamwambia ushauri wangu nimeuondoa, achague mwenyewe. Alileta nyumbani ile ya pili. Usiku wa kwanza alinionyesha vitufe vyake 16 vilivyopangwa mstari mmoja, kama vilivyokuwa kwenye TR-808. "Hiki kizima, Babu. Hapa nusu. Hapa robo." Nilimwambia naijua hesabu hiyo, niliwahi kuisikia ikipigwa makofi na watoto. Akaniuliza mwalimu wao alikuwa nani. Nikamtajia jina.