Hizi Kalori za Kwenye Saa Zilitoka Wapi?

Wapendwa wa Karatu na kwingineko! Nimekuwa kimya siku nyingi, zamu za usiku zimenibana. Leo nimetoka kazini asubuhi, theluji imejaa mpaka mlangoni, nikaona kabla sijalala niandike jambo hili maana linaniuma.

Mdogo wangu (amenikubalia niseme) alinipigia simu wiki iliyopita akilia. Miezi mitatu anafanya mazoezi sebuleni, na programu ya simu niliyomwekea mimi mwenyewe nilipokuja likizo inamwandikia kila siku: umechoma kalori 400. Anajumlisha, lakini mizani haisogei. Akaona kasoro ni yake, akaanza kuruka chakula cha jioni, mpaka kizunguzungu kikamwangusha bombani na ndoo yake ya maji. Anaogopa sukari. Sote tunaona Mama anavyohangaika nayo.

Jamani, kosa si lake. Hata mimi, nesi mwenye digrii, nina daftari kama hilo. Siku 60 niliandika kalori 300 kila siku, yaani 18,000. Kwa ile hesabu ya kalori 7,700 kwa kilo moja ya mafuta, zilitakiwa zitoke zaidi ya kilo mbili. Ilitoka nusu kilo. Ndipo nikaanza kusoma hizi namba zilitoka wapi, na nimeona niwagawie.

Safari inaanzia Paris, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783. Lavoisier, akishirikiana na Laplace, alimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mnyama likayeyusha barafu, nao wakapima maji yaliyotoka. Wakalinganisha na hewa anayotoa akipumua, wakaona kuwa mwili unatumia hewa kama mkaa unavyotumia ukiwaka, ila polepole. Kwa hiyo neno "kuchoma" si la matangazo tu, lina asili. Lavoisier mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini wazo lake halikufa.

Miaka mia moja baadaye tunakuja jirani yangu kabisa. Nawaandikia nikiwa hapa Connecticut, na mji wa Middletown hauko mbali. Huko, katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, miaka ya 1890, profesa Wilbur Atwater na mwenzake Edward Rosa walijenga kijichumba ambacho mtu aliingia akaishi siku kadhaa. Alikula na kulala humo humo, na katika majaribio mengine aliendesha baiskeli isiyokwenda popote. Chakula kilipimwa, hewa ikapimwa, na joto la mwili likachukuliwa na maji yaliyopita kwenye mabomba. Hesabu ya kilichoingia na kilichotoka ikakaribiana sana. Huko ndiko kalori za mazoezi zilikopimwa kweli kweli: ndani ya boksi lililofungwa, mtu mmoja mmoja.

Sasa nani anaweza kujenga boksi sebuleni? Mwaka 1982 Jane Fonda alitoa kanda ya video ya mazoezi, na watu wengi wakaanza kuruka mbele ya televisheni zao. Mwaka 1993 Barbara Ainsworth na wenzake wakachapisha orodha ndefu ya shughuli, kila moja na alama yake. Kukaa kimya ni 1, yaani kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mazoezi ya nguvu ya kuruka na kupiga pushapu ni kama 8. Mtu wa kilo 70 akifanya nusu saa: 70 mara 8 mara nusu, anapata 280.

Programu nyingi zinatumia hesabu ya namna hiyo. Lakini angalieni mitego yake. Kwanza, ndani ya hizo 280 kuna 35 ambazo ungezitumia hata ukikaa kwenye kochi. Pili, mwaka 2005 watafiti walipima watu 769 wakiwa wamepumzika, wakakuta wastani si 1 bali ni kama 0.84. Tatu, wenye orodha walisema wazi kwamba haikutengenezwa kumpimia mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ya kupanga shughuli za watu wengi katika utafiti. Sisi tukaigeuza risiti ya dukani.

Na saa za mkononi? Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu aina saba. Mapigo ya moyo nyingi zilisoma vizuri. Kwenye kalori, hata iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93!

Sasa sikilizeni hili, maana ni la kwetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, majirani zetu kabisa. Waliwanywesha maji yenye atomu nzito za hidrojeni na oksijeni, kisha mkojo wao ukaonyesha nguvu walizotumia. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Ukizingatia ukubwa wa miili, matumizi yao ya siku nzima hayakupita ya watu wa Marekani na Ulaya! Pontzer anaona kwamba mwili ukizidishiwa kazi hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani, lakini wazo la kwamba kila tone la jasho linakatwa moja kwa moja kwenye mizani limetikisika.

Msije mkasema nesi kasema mazoezi hayana maana. Mazoezi yanasaidia sukari, presha, moyo na usingizi, hata mizani ikigoma. Wahadzabe wenyewe wanajulikana kwa mioyo yenye afya. Isipokuwa tusiyafanye deni la kulipwa kwa njaa.

Mdogo wangu, futa hiyo programu, ni mimi niliyekuwekea. Chukua daftari uandike dakika ulizofanya, na kama uliweza kuongea huku ukifanya. Kila mwezi pima kiuno. Kesho nenda ukapime presha, damu na sukari, maana kizunguzungu si cha kupuuza, nauli nimeshatuma. Na jioni ule, tafadhali. Mama, naomba umsimamie.

Acha nikalale sasa. Tutaonana panapo majaliwa.