Timu ya Shule katika Nchi ya Shaba

Historia ya mpira wa miguu katika ukanda wa shaba wa Kongo, yaani eneo la migodi linaloanzia Lubumbashi na kupita Likasi hadi Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, haiwezi kuelezwa kwa kufuata klabu peke yake, kwa sababu klabu zenyewe zilizaliwa ndani ya taasisi mbili zilizotawala maisha ya watu wa huko kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, nazo ni shule ya misheni na kampuni ya madini. Kila taasisi iliupokea mchezo huo kwa nia yake, na kila moja ilidhani kwamba ingeweza kuushika. Timu iliyokuja kuvuma kuliko zote, TP Mazembe, ilianza ikiwa timu ya wanafunzi, kisha ikawatoka walimu wake ndani ya miaka michache. Jinsi ilivyowatoka, na sababu zilizoifanya Kolwezi, ambako shaba yenyewe ilichimbwa kwa wingi, ikae nyuma ya Lubumbashi katika mpira, ni mambo mawili yanayofaa kusomwa pamoja.

Kuna nchi ambako timu ya chuo imebaki mali ya chuo hadi leo. Nchini Marekani, vyuo vya Rutgers na Princeton vilipambana tarehe 6 Novemba 1869 katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mpira wa Kimarekani kati ya vyuo, ingawa mchezo wa siku ile ulikaribia zaidi soka kuliko huu wa kubeba mpira mikononi na kuangushana unaochezwa sasa, na mwaka 1906 kiliundwa chama cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho kwa miongo mingi kilijishughulisha na swali la nani mwanafunzi halisi anayestahili kuvaa jezi. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika mwezi wa Januari, na Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja unaoketisha watu zaidi ya 100,000. Mpango wa namna hiyo huhitaji chuo chenye mali, wahitimu wenye kipato na jamii inayojivunia chuo chake kama inavyojivunia mji wake. Katanga ya wakoloni haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo kwa ajili ya Waafrika, lakini swali la nani anastahili kuchezea timu ya shule liliibuka huko pia, tena mapema.

Watawa Wabenedikto kutoka Ubelgiji walifika Katanga mwaka 1910 chini ya Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu mwenye sauti kubwa katika siasa za jimbo, wakajenga shule na parokia katika mji mpya wa Élisabethville, ambao sasa unaitwa Lubumbashi. Katika Taasisi ya Saint-Boniface waliwafundisha vijana ambao wengine wao hawakukusudia kuingia upadri, na ni kwa ajili ya hao hasa kwamba mwaka 1939 iliundwa timu ya mpira iliyopewa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa skauti. Timu hiyo iliandikishwa moja kwa moja katika daraja la kwanza la shirikisho la michezo ya wenyeji, kwa maana mashindano ya Waafrika yaliendeshwa mbali na yale ya Wazungu kama ilivyokuwa kwa makazi, hospitali na mabehewa ya treni, na katika msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu. Kwa kikosi cha wanafunzi kilichokutana na wanaume wa karakana na wa reli, nafasi hiyo haikuwa ndogo.

Mwaka 1944 jina likabadilishwa kuwa Saint-Paul, na baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi. Kadiri ushindani wa mji ulivyopamba moto, timu ilianza kuwachukua wachezaji wasiokuwa wanafunzi wa watawa, na watawa, walioiunda ili iwe chombo cha malezi, waliona kwamba chombo hicho kimekwisha kutoka mikononi mwao, wakaacha kuiongoza. Uamuzi huo una uzito kuliko unavyopewa kwa kawaida. Wabenedikto wangeweza kuifunga timu kwa wanafunzi wao na kuridhika na kushindwa, au kubaki nayo na kukubali kwamba imekuwa timu ya mji. Walichagua njia ya tatu, wakaiachia mji wenyewe. Kampuni ya Ubelgiji ya matairi, Englebert, ikawa mfadhili na kuipa jina, na tangu hapo uhai wa klabu ukategemea fedha za biashara na mapenzi ya mashabiki wa mitaani. Wapinzani wao wakubwa wa mji uleule, Saint-Éloi Lupopo, nao wa mwaka 1939, walikuwa wameota katika udongo mwingine, kwani walitokana na wafanyakazi wa reli na kuchukua jina la mtakatifu msimamizi wa wahunzi.

Kolwezi ilianza kwa njia isiyofanana na hiyo hata kidogo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliufanya mji huo mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi, na kuanzia Ruwe na Musonoi hadi Kamoto hapakuwa na jambo la maisha ambalo kampuni haikulishika. Tangu mwaka 1928 hivi ilikuwa imeacha desturi ya kuwaleta vibarua wa miezi michache, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi au kutoroka, ikafuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi, yaani kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kukaa kambini na wake zao na watoto wao. Kambi, kwa maana ya huko, ilikuwa mtaa mzima wa nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu, wenye zahanati, shule, kanisa na ghala la posho, na posho hiyo ya unga, nyama, samaki, mafuta na chumvi ilipimwa kwa idadi ya vinywa vya nyumba, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa aliongeza kipimo cha unga cha familia yake. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa kiongozi wa siasa hiyo, aliitetea waziwazi kuwa ni malezi ya baba kwa watoto wake.

Uwanja wa mpira ulikuwa sehemu ya mpango huo, sawa na ghala na zahanati. Mtu aliyeshinda Jumapili akicheza au akitazama mechi, kwa hesabu ya kampuni, hakushinda penye pombe wala penye mikutano, na Jumatatu alirudi kazini akiwa mzima. Hata hivyo uwanja una tabia moja ambayo wapangaji hawakuizingatia, nayo ni kwamba huwapa watu wengi mahali pa wazi pa kukusanyika ambapo kila mmoja anapajua. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière walipogoma huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Élisabethville, wakidai mishahara iliyoliwa na kupanda kwa bei za wakati wa vita, wagomaji wa Élisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 Desemba gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika hapo na askari. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa kwa risasi, kisha askari wakaufyatulia umati na kuua makumi ya watu. Mwandishi yeyote anayesifu viwanja vya kampuni kuwa zawadi kwa wafanyakazi anapaswa kuiweka tarehe hiyo katika ukurasa uleule.

Baada ya uhuru wa 1960, kujitenga kwa Katanga hadi Januari 1963 na kutwaliwa kwa madaraka na Mobutu mwezi Novemba 1965, mpira wa jimbo ulifikia kilele ambacho hakuna aliyekitarajia. Katika msimu wa 1966 Englebert walitwaa ubingwa wa taifa, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga, yote matatu, na sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, ambayo ndiyo TP ya jina lao, ikaonekana kuwa imetamkwa kwa haki. Ubingwa huo uliwafungulia mlango wa Kombe la Afrika la Klabu Bingwa, na mwaka 1967, ambao ulianza kwa serikali kuitaifisha Union Minière na kuunda kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines, klabu iliyozaliwa darasani ilifika fainali dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana.

Fainali hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mechi ya kwanza mjini Kumasi ilimalizika kwa sare ya 1–1, na ya marudiano mjini Kinshasa, mwishoni mwa Novemba, kwa sare ya 2–2. Ilipotakiwa mshindi apatikane kwa kura, Kotoko walikataa kukabidhi msimu mzima kwa bahati, na mtu anayeupenda mchezo huu hawezi kuwalaumu. Shirikisho la Afrika likaamua mechi ya tatu ichezwe, lakini Kotoko hawakutokea, kwa kuwa, kama inavyoelezwa, taarifa haikuwafikia kutoka kwa viongozi wa mpira wa nchi yao, na kombe likapewa Englebert. Ubingwa uliopatikana namna hiyo ungeweza kubaki na doa, lakini mwaka uliofuata waliutetea kwa kuifunga Étoile Filante ya Lomé mabao 5–0 kabla ya kupoteza marudiano kwa 4–1, wakawa klabu ya kwanza kulitwaa kombe hilo mara mbili mfululizo, jambo ambalo halikurudiwa hadi Enyimba ya Nigeria ilipofanya hivyo mwaka 2004. Walifika pia fainali za 1969 na 1970, wakashindwa na Ismaily ya Misri na kisha na haohao Kotoko, ambao Januari 1971 walishinda 2–1 palepale Kinshasa na kulipa deni lao. Fainali nne mfululizo si kazi ya kikosi kilichobahatika. Pierre Kalala, mshambuliaji wao, ndiye aliyeifungia Kongo bao la pekee dhidi ya Ghana katika fainali ya Kombe la Mataifa mjini Addis Ababa, Januari 1968, na Bwanga Tshimen, beki wao, alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, kabla ya kwenda na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika Kombe la Dunia la 1974 akiwa pamoja na mlinda lango Kazadi Mwamba wa klabu hiyohiyo.

Ni wapi Kolwezi katika habari hizi? Jibu limo katika muundo wa msimu. Mpira wa Kongo ulipangwa kwa ngazi, ambapo klabu za mji mmoja hushindana kwanza katika chama chao kinachoitwa ententi, mabingwa wa miji hukutana katika ligi ya jimbo, na wanaofaulu huko ndio huingia katika mashindano ya taifa. Klabu ya Kolwezi, baada ya kuutawala mji wake, ilipaswa kusafiri kilomita zipatazo 300 na kuwapita Englebert na Lupopo ndipo itazame Kinshasa, na mara nyingi msimu wake uliishia katika ngazi hiyo ya pili. Zaidi ya hapo, klabu za miji ya migodi zilitegemea kampuni moja, kama kila kitu kingine pale. Lubumbashi ilikuwa na reli, wafanyabiashara, shule kubwa na chuo kikuu tangu 1956, hivyo klabu iliyomkosa mfadhili mmoja ilimpata mwingine.

Gharama ya utegemezi huo ilionekana wazi Gécamines ilipoporomoka. Kolwezi ilikwisha kuonja vita mwezi Mei 1978, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC walipoingia tarehe 13 na askari wa miamvuli wa Ufaransa kushuka tarehe 19, na mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, wakauawa. Lakini migodi ilifufuka, na mwaka 1986 kampuni ilitoa tani 476,000 za shaba. Miaka michache baadaye hapakuwa na vipuri wala fedha, sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990, na kati ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao baba na babu zao waliletwa na kampuni ileile, walifukuzwa Kolwezi na Likasi kwa makumi ya maelfu, wengi wakilala siku nyingi katika vituo vya treni. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliobaki waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amewaandika watu hao kuwa Bana Shaba, watoto wa shaba waliotelekezwa na baba yao, na waliotelekezwa ni pamoja na timu za kambi, kwa kuwa aliyelipa jezi, lori la safari na mshahara wa mchezaji aliyeandikwa kuwa fundi alikuwa baba huyohuyo.

Mazembe, kama Englebert walivyokuja kuitwa, kwa upande wao walipata tajiri mpya. Moïse Katumbi, mfanyabiashara na baadaye gavana wa Katanga, aliiongoza klabu tangu 1997, ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako ilifungwa 3–0 na Inter ya Milan. Klabu hiyo ina sasa chuo chake cha mpira mjini Lubumbashi, ambako vijana husoma masomo ya kawaida na kufundishwa mchezo, na hapo uhusiano wa 1939 umepinduliwa, kwa maana klabu ndiyo inayolea shule.

Kolwezi, iliyofanywa makao makuu ya jimbo la Lualaba wakati Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, ina migodi iliyofufuliwa na kampuni za kigeni kwa ajili ya kobalti, na klabu zake AS Simba na Blessing zimecheza miaka ya karibuni katika daraja la kwanza la taifa. Kampuni hizo mpya hazijengi kambi wala kugawa posho, na hazina haja ya kuijaza Jumapili ya mfanyakazi. Klabu za mji hutafuta wafadhili wao kwa wanasiasa na wafanyabiashara, ambao huja na huondoka kwa kufuata uchaguzi na bei ya madini.