Kiendeshaji na kiendeshi

kiendeshaji nm. (wingi: viendeshaji), ngeli ya KI-VI. Programu inayoiwezesha programu nyingine kuwasiliana na kifaa au mfumo fulani. *Kiendeshaji cha printa. Kiendeshaji cha hifadhidata.*

kiendeshi nm. (wingi: viendeshi), ngeli ya KI-VI. Sehemu ya kompyuta ya kuhifadhia mafaili, aghalabu hutambulishwa kwa herufi. *Faili limo katika kiendeshi D.*

Muundo. Nomino zote mbili zimetokana na kitenzi *endesha*, ambacho ni kauli ya kusababisha ya *enda*. Viambishi tamati *-aji* na *-i* huunda majina ya watendaji, kama inavyoonekana katika *msomaji* na *mpishi*. Kwa mizani ya sarufi pekee, kila moja ya nomino hizi ingeweza kubeba maana ya mwenzake. Tofauti iliyopo ni ya mapatano ya kiistilahi, na mapatano hudumu pale tu yanapofuatwa. Mfasiri akishachagua *kiendeshaji* katika ukurasa wa kwanza, hana budi kubaki nacho hadi ukurasa wa mwisho.

Mkanganyiko. Katika Kiingereza majina ya vitu hivi viwili hutofautiana kwa herufi moja tu, na baadhi ya tafsiri huviita vyote *kiendeshi*. Athari yake huonekana wazi katika kuunganisha programu na hifadhidata kwa ODBC, kiolesura kilichotolewa na Microsoft mwaka 1992. Mtumiaji wa Windows anayesanidi chanzo cha data cha Access hutakiwa kwanza kuchagua kiendeshaji, kisha, katika dirisha la kutafuta faili, kuchagua kiendeshi lilimo faili hilo. Linganisha:

✗ *Chagua kiendeshi cha Access, kisha chagua kiendeshi C.*
✓ *Chagua kiendeshaji cha Access, kisha chagua kiendeshi C.*

Msomaji wa sentensi ya kwanza anaweza kudhani kwamba ameagizwa jambo moja mara mbili, akaruka hatua, na muunganisho usipatikane.

Vitenzi vinavyoandamana nayo. *Sakinisha* ni kuweka programu katika kompyuta ili iweze kutumika. *Sanidi* ni kuipa mipangilio inayohitajika. *Unganisha* ni kufungua mawasiliano kati ya pande mbili. Hivyo kiendeshaji husakinishwa, chanzo cha data husanidiwa, na programu huunganishwa *na* hifadhidata. Kutumia *weka* kwa hatua zote tatu si kosa la sarufi, lakini humficha msomaji hatua aliyokwama. Nomino *muunganisho* imo katika ngeli ya U-I: *muunganisho umekatika, miunganisho imekatika*.

Upatanisho. *Kiendeshaji kimesakinishwa*, si *amesakinishwa*. *Mwendeshaji* na *dereva* ni watu, nao hupatanishwa hivyo. Katika mazungumzo ya mafundi husikika pia *draiva*, katika ngeli ya I-ZI: *draiva haipo*. Neno hilo linafaa katika mazungumzo yanayonukuliwa. Katika mwongozo rasmi, *kiendeshaji* ndilo la kutumiwa.

Tahadhari kwa wafasiri.

1. Idadi ya biti iambatanishwe na kiendeshaji: *kiendeshaji cha biti 64*. Programu ya biti 64 haiwezi kutumia kiendeshaji cha ODBC cha biti 32, wala kinyume chake.

2. Katika Windows ya biti 64, zana ya kusimamia vyanzo vya data ina nakala mbili zenye jina moja la faili, *odbcad32.exe*. Iliyomo katika folda ya *System32* ni ya biti 64. Iliyomo katika *SysWOW64* ni ya biti 32. Majina hayo huonekana kama yamepinduliwa, lakini ndivyo yalivyo. Mfasiri asiyasahihishe.

3. *Chanzo cha data cha mtumiaji* huonekana kwa mtumiaji mmoja tu, ilhali *chanzo cha data cha mfumo* huonekana kwa watumiaji wote wa kompyuta hiyo. Kuangusha *cha mtumiaji* au *cha mfumo* ni kuangusha maana.

4. Namba inayoambatana na anwani ya seva ni *namba ya lango*, si *bandari*. Kwa kawaida PostgreSQL hutumia lango 5432 na MySQL lango 3306.

Mfano wa ujumbe wa hitilafu. *Jina la chanzo cha data halikupatikana, na hakuna kiendeshaji chaguo-msingi kilichobainishwa.* Ujumbe huu una sehemu mbili: jina na kiendeshaji. Ukiandikwa *hakuna kiendeshi*, msomaji huenda akaanza kukagua diski iliyo nzima, ilhali tatizo limo katika jina aliloliandika au katika kiendeshaji ambacho hakijasakinishwa.

Tazama pia: *hifadhidata, kiolesura, sakinisha, sanidi*.